Mtoto akiharisha, ORS peke yake haitoshi, ulizia na zinki

Jamani wenye watoto wadogo, mtoto akiharisha hapotezi maji na chumvi tu, hata madini ya zinki yanatoka, ndo maana anatakiwa apewe ORS (ile dawa ya unga wa chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) pamoja na vidonge vya zinki. Sasa wengi wetu kuhara kukikata tu tunaacha vidonge, hapana, maliza siku 10 mpaka 14 kama ulivyoelekezwa, miligramu 20 kwa siku, wa chini ya miezi 6 ni 10, unakiyeyusha kwenye kijiko na maji safi au maziwa ya mama. Na msimnyime chakula jamani! Nyonyesha, anayekula mpe uji wenye dagaa wa kusaga, hasa aliyekonda. Akiharisha damu au akigoma kunywa kabisa, kimbia hospitali.