Jinsi ya kutengeneza modeli ya Humaitá, meli ya kivita ya Paraguay, nchi isiyo na bahari

Tafuta boksi gumu, lile la friji au TV ndo zuri, gundi ya mbao, wembe, msasa laini, njiti za meno, njiti za kiberiti, waya mwembamba na rangi ya kijivu, basi.

Afu kabla hujakata chochote elewa unatengeneza nini, maana hapa ndo wengi wanaharibu. Humaitá na meli pacha wake, iliyoitwa Paraguay kama nchi yenyewe, zilijengwa Italia, kwenye yadi ya Odero huko Genoa, zikafika kwao 1931, na aliyezichora ni mhandisi wa Paraguay wenyewe, José Bozzano, aliyesoma chuo cha MIT kule Marekani. Kazi yake ilikuwa ngumu kwelikweli bana, meli ivuke Atlantiki yenyewe, sio kuletwa vipande vipande kwenye maboksi kama Liemba yetu ilivyofika Kigoma, afu ikishavuka ipande mto zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Asunción, mji mkuu wao, bila kukwama kwenye mchanga. Ndo maana ina urefu wa kama mita 70 lakini inazama majini kama mita 1.7 tu, yaani mtu mrefu akisimama hapo utosi unabaki nje!

Tunatumia skeli ya 1 kwa 200, sentimita moja yako ni mita mbili zake. Kwa hiyo urefu sm 35, upana sm 5.3, na sehemu inayozama ni milimita 8 na nusu. Boksi nyingi zina unene wa kama mm 4 so tabaka mbili zinatosha kabisa chini ya maji, usiongeze ya tatu eti ionekane nzito, ukiongeza umeshatengeneza meli ya baharini. Juu ya maji weka tabaka mbili au tatu, linganisha na picha. Omo na tezi, yaani ncha ya mbele na ya nyuma, zichonge ziwe nyembamba kwasababu ilikuwa na tabini za mvuke na spidi ya kama noti 17, yaani maili 17 za baharini kwa saa, haikuwa tishari hii. Gundi ikauke usiku mzima ndo upige msasa.

Mizinga mikubwa iko minne, ya mm 120, miwili miwili, jozi moja mbele na nyingine nyuma. Kata njiti za meno sm 3 kila moja. Ile mitatu ya mm 76 tumia waya, nafasi zake fuata picha, na Humaitá yenyewe bado ipo Asunción kama makumbusho kwa hiyo picha zake unazipata.

Staha, ile sakafu ya juu ya meli, usiijaze vitu, acha nafasi ya wanajeshi. Vita vya Chaco dhidi ya Bolivia, 1932 mpaka 1935, meli hizi zilikuwa zinapandisha wanajeshi mtoni kutoka Asunción hadi bandari ya Puerto Casado wakapande treni kuelekea mapiganoni, kwa hiyo mi nakata njiti za kiberiti mm 9 ziwe ndo wanajeshi, nazisimamisha zimebanana kwenye staha, hapo modeli inaanza kuongea.

Ukitaka ielee paka vanishi mara tatu na gundisha sarafu ndani chini kabisa katikati, ukiziweka juu inapinduka.

Jina andika mwisho kwa kalamu nyembamba, na alama juu ya á usiiache, maana Humaitá ni ngome yao ya kwenye mto huohuo, iliyozingirwa muda mrefu mpaka ikaanguka 1868.