Kabla hujakubali operesheni ya mgongo

Swali langu la kwanza kwa mgonjwa ni hili: kinachokutesa zaidi ni mgongo au mguu? Wengi hunishangaa. Lakini mimi ni mfiziotherapia, nawapokea watu kabla na baada ya upasuaji, na jibu lao huniambia mengi kuliko picha waliyoibeba kwenye bahasha. Upasuaji mwingi wa mgongo unafanywa ili kuuokoa mshipa wa fahamu uliobanwa. Mshipa ukibanwa kiunoni, maumivu huteremkia takoni, yakapita nyuma ya paja hadi unyayoni, na ganzi juu yake. Hayo upasuaji unayamudu. Kiuno kinachouma peke yake, mara nyingi hakina cha kukatwa.

Kwa hiyo kama kinachobana mshipa ni diski iliyochomoka, yaani ule mto laini ulio kati ya pingili za mgongo, usiwe na haraka. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa za maumivu, mazoezi na kuendelea kutembea, kwa kuwa kipande kilichotoka huweza kusinyaa chenyewe. Kulala kitandani wiki nzima hakusaidii. Na tafadhali, asikukanyage mtu mgongoni eti anairudisha diski.

Hapa usisubiri hata usiku upite: mkojo umegoma au unatoka bila habari, ganzi imeshika sehemu za siri na makalio, miguu yote miwili inalegea. Nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo. Unyayo ukianza kuburuzika, usilale nao pia.

Kuhusu picha: eksirei inaonyesha mfupa, haionyeshi mshipa, kwa mshipa unahitaji MRI, picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Lakini ripoti ya MRI isikutie hofu. Mtu wa miaka 50 asiyeumwa popote naye hukutwa na diski zilizochakaa. Cha maana ni picha kukubaliana na mwili. Kama unaumwa mguu wa kushoto na diski imetokea kulia, uliza.

Sasa operesheni zenyewe. Kwa diski iliyochomoka, daktari hupasua sentimita 2 au 3, akatazama kwa darubini na kutoa kile kipande kinachobana tu, diski nyingine akaiacha. Siku hizi kuna na endoskopi, mrija mwembamba wenye kamera, inayopita kwenye tundu dogo zaidi. Kidonda hupona upesi, ila baada ya mwaka tofauti si kubwa, na mimi ningechagua mkono uliozoea kuliko mashine mpya.

Wazee shida yao huwa mfereji wa uti wa mgongo uliopungua nafasi. Nina mzee mmoja anaendesha baiskeli hadi shambani, lakini kwenda msikitini kwa miguu lazima akae njiani, kwa sababu akiinama mfereji hufunguka kidogo na akisimama wima hubana. Huyo huondolewa mfupa wa nyuma unaobana.

Penye vyuma ndipo pa kuuliza sana. Skrubu na vyuma huwekwa ili kuunganisha pingili zinazoyumba, zilizovunjika au mgongo uliopinda sana. Mfereji mwembamba peke yake kwa kawaida hauhitaji vyuma. Sema tu: "Samahani daktari, pingili zangu zinayumba? Vyuma ni vya nini?" Muulize pia amewafanyia wangapi operesheni hiyo, na nenda na ndugu mwenye masikio mazuri. Daktari mzuri hakasiriki.

Kijana anayeota kibiongo, anatoka jasho usiku na kukonda, apimwe TB ya mgongo kwanza. Hiyo hutibiwa kwa dawa kwa miezi mingi. Kisu huja pale uti wa mgongo unapobanwa au kibiongo kinapozidi.

Ukishapangiwa tarehe, acha sigara, maana huzuia mifupa kuungana. Taja dawa zote unazokunywa, aspirini na za miti shamba zikiwemo. Ndugu wajue kama watahitajika kuchangia damu. Nyumbani, pandisha kitanda na uandae kiti cha chooni, kwani kuchuchumaa kutakuwa kazi.

Baada ya operesheni ya diski tunakusimamisha siku hiyohiyo au kesho yake. Kuamka, geuka mzima kama gogo, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Ndoo ya maji na bodaboda viache hadi daktari akuruhusu, kwa kawaida baada ya wiki kama 6. Maumivu ya mguu hutangulia kuondoka, nguvu hufuata, ganzi huwa ya mwisho na huweza kukaa miezi. Ila homa, usaha, au maji yasiyo na rangi yanayovuja kidondoni huku kichwa kikiuma kila ukikaa, hayo hayangojei kliniki. Rudi hospitali siku hiyo.