SOMO: Kuandika ripoti ya praktiko ya fizikia kwa mtindo wa jarida la kisayansi (mfano wetu pendulamu)

Habari zenu wakuu, hasa wadogo zangu mlioanza mwaka wa kwanza hapa MUST (chuo cha sayansi na teknolojia Mbeya) na kule chuo cha Mkwawa Iringa. Nimepitia ripoti nyingi za wadogo zangu na wengi bado mnaandika kama mko Form Six: lengo, vifaa, halafu "chukua uzi, funga gololi, pima sentimita 40". Hayo ni maelekezo ya mwalimu kwako, sio ripoti. Msomaji wa jarida hakuwepo maabara, anataka kujua umepata namba gani na aiamini kwa kiasi gani, basi. Nitaeleza kwa Kiswahili ieleweke ila ripoti yenyewe mtaandika Kiingereza kama kawaida.

Mfano: kutafuta g (mchapuko wa mvutano wa dunia) kwa pendulamu, yaani gololi inayoning'inia kwenye uzi, urefu kuanzia sm 40 mpaka mita 1, kila urefu unahesabu ibembee mara 20 kwenda na kurudi.

HATUA YA 1: Anza na grafu. Usianze na utangulizi, utakaa masaa mawili unaandika historia ya Galileo na bado huna kitu. Chora T mraba (T ni muda wa mbembeo mmoja) dhidi ya urefu l, maana T² = 4π²l/g kwahiyo unapata mstari ulionyooka na slopu yake ni 4π²/g. Mihimili iwe na jina na yuniti, kila nukta iwe na vijistari vya kosa (error bars), yaani kipimo kinaweza kupishana na ukweli kwa kiasi gani. Maelezo ya grafu yanakaa chini yake, ya jedwali yanakaa juu, na mtu akisoma maelezo hayo peke yake aelewe anaangalia nini.

HATUA YA 2: Namba na kosa lake. Hapa ndo penye ripoti yenyewe kwahiyo msinichoke. Tuseme slopu imetoka 4.05 plasi au toa 0.04. Ukigawa 4π² kwa slopu hiyo, kalkuleta inakupa 9.74776 na mtu anaiandika yote hivyo hivyo! Kosa la slopu ni kama asilimia 1, na g inabeba asilimia hiyo hiyo, yaani 0.1, kwahiyo unaandika g = 9.7 ± 0.1 m/s² na desimali zilizobaki unaziacha maana hukuzipima. Namba isiyo na kosa lake kwenye jarida haihesabiki kama matokeo.

Kosa la muda unalipata vipi? Kidole chako kwenye stopuwachi kinachelewa kama sekunde 0.2. Pendulamu ya mita 1 inatumia sekunde 2 hivi, ukipima mbembeo mmoja kosa ni asilimia 10, ukipima 20 zinakuwa sekunde 40 na kosa linashuka mpaka nusu asilimia. Hiyo ndo sababu ya kuhesabu 20, na hiyo sababu iandike kwenye mbinu, ina maana kuliko orodha ya vifaa.

HATUA YA 3: Mbinu. Aya moja au mbili, wakati uliopita, hakuna namba za hatua. Taja kinachoathiri jibu tu: urefu ulipimwa kutoka wapi mpaka wapi, pembe ilikuwa ngapi. Rangi ya stendi haituhusu.

HATUA YA 4: Mjadala. Naomba tuache kabisa kuandika "kulikuwa na makosa ya kibinadamu". Sema kosa gani, linasukuma jibu upande gani, kwa kiasi gani. Mfano mtu kaachia gololi kwa pembe ya digrii 30, muda wa mbembeo unaongezeka kama asilimia 1.7, g inashuka kama asilimia 3.5, hilo unaliona kabisa. Kwa digrii 10 ni asilimia 0.2 tu, limefunikwa na kosa la kidole. Au umepima uzi ukasahau kuongeza nusu kipenyo cha gololi: mstari hautapita kwenye sifuri ila slopu haibadiliki, kwahiyo g yako iko salama. Mtu akiandika hivyo najua kaielewa praktiko.

Utangulizi na nadharia ziwe fupi. Abstrakti andika MWISHO kabisa japo inakaa mwanzo: ulipima nini, kwa njia gani, umepata ngapi na kosa lake, inakubaliana na thamani inayojulikana au la. Sentensi nne zinatosha, na namba lazima iwemo.

MASWALI YA WADAU

Swali: Kaka shikamoo, sisi tulichemsha maji hapa Mbeya themometa ikagoma kwenye 94, mwenzangu kaandika 100 kwa sababu kitabu kinasema 100. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Wewe. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo na maji yanachemka kwenye 94 hivi. Mia ni ya usawa wa bahari. Andika 94, weka kosa la themometa, halafu eleza mwinuko kwenye mjadala, hapo una ripoti nzuri kuliko ya mwenzako. Na yeye mwambie arekebishe kabla hajakabidhi, kuandika namba ambayo hukuisoma ni kughushi.

Swali: Kwahiyo na g yetu 9.7 naweza kusema ni sababu ya mwinuko?

Jibu: Hapana mkuu. Hapa g ni kama 9.78 badala ya 9.81 ya vitabuni, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na kuwa karibu na ikweta kuliko mwinuko. Tofauti ni 0.03 na kosa lako ni 0.1, stopuwachi yako haiwezi kuziona. Sema jibu linakubaliana na zote mbili.

Swali: Ni lazima LaTeX (ile programu ya kuandikia ripoti za kisayansi)? Laptop yangu imekufa natumia ya stationery.

Jibu: Sio lazima dada, Word inatosha kama mwalimu hajasema vingine, ila tumia sehemu yake ya kuandika milinganyo, usipige picha ya daftari ukabandika.

Swali: Nukta moja imeenda mbali na mstari, niifute?

Jibu: Usiifute. Rudia kipimo hicho kama maabara bado iko wazi. Kama imefungwa iache kwenye grafu, piga slopu ukiwa nayo na bila yake, andika zote mbili na useme unahisi nini kilitokea.

Swali: Ndaga fijo kaka. Tuandike "tulipima" au "ilipimwa"?

Jibu: Majarida mengi sasa hivi yanakubali "tulipima". Muulize mwalimu wako anataka ipi, halafu usichanganye.