Gari bado jipya, tatizo halishi: ufanyeje

Gari likirudi gereji mara ya tatu kwa tatizo lilelile, acha kuuliza kama limepona. Uliza kimeandikwa nini. Mafundi wengi huchomeka mashine, hufuta kodi (namba ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari), taa ya injini inazimika, unalipa, unaondoka. Kabla hujafika Boma Ng'ombe imewaka tena. Kufuta kodi si kutengeneza. Tena kunafuta kumbukumbu ambayo kompyuta iliitunza tatizo lilipotokea: mzunguko wa injini, joto la maji, mwendo. Skrini ipigwe picha kwanza.

Nawe uwe na daftari. "Inasumbua" haisaidii. Andika hivi: saa 12:40 asubuhi, km 31,214, injini baridi, inatetemeka gari likiwa limesimama, inatulia baada ya dakika nne. Kama tatizo ni la injini baridi, gari lilale gereji. Asubuhi za Julai Arusha zitalifichua. Kama giaboksi huteleza ikishapata moto, mpakie fundi mpande naye kutoka Moshi mjini hadi Marangu. Kuzunguka gereji hakuonyeshi kitu.

Kodi haimaanishi kifaa cha kununua. P0301 inasema tu silinda ya kwanza haichomi vizuri. Hamisha koili yake, kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, kwenda silinda ya tatu, futa kodi, endesha. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, angalia plagi, nozeli, kisha kompresheni. Lakini kama waranti ingali hai, usifungue chochote mtaani, hata oili ya giaboksi. Giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) ikiwekewa oili ya otomatiki ya kawaida huharibika, na muuzaji amepata kisingizio.

Breki, usukani, harufu ya petroli au gari kuzimika barabarani: hapo hakuna kuvumilia, ita brekidauni lije kulivuta.

Ingiza pia namba ya chasisi kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari limeitwa kurudishwa. Namba E ya usajili wa karibuni isikudanganye, gari laweza kuwa la 2013. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata iliitwa kwa sababu kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu, ikilipuka hurusha vipande vya chuma.

Kwa muuzaji peleka barua, si simu. Nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Taja tarehe za kila tengenezo, kilomita, kodi, na unachotaka: litengenezwe, libadilishwe au pesa irudi. Ambatanisha risiti ya EFD na karatasi za gereji. Usichelewe, kwani chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ukikaa na gari muda mrefu bila kulikataa unahesabika umelipokea, na unachobaki kudai ni fidia. Asipojibu, mafaili hayohayo yapeleke Tume ya Ushindani (FCC). Na kama umeandika kwamba unalikataa, liegeshe. Kilomita 2,000 za safari za Namanga baada ya barua hiyo zitasomwa dhidi yako.