Kumfundisha mtoto wa darasa la nne kufupisha kifungu cha maelezo

Mwalimu anapoandika ubaoni "Fupisha kifungu hiki kwa maneno 40", watoto wengi hunakili sentensi mbili za mwanzo, huruka katikati, kisha huchukua ile ya mwisho. Maneno yanatimia na kazi inaonekana imekwisha. Ukweli ni kwamba hakuna kilichofupishwa, kwa sababu hakuna kilichochaguliwa. Ufupisho ni kuamua kipi kibaki na kipi kiondoke, na uamuzi huo ndio unaopaswa kufundishwa. Kupunguza maneno huja baadaye, tena si kazi ngumu. Utaratibu ufuatao unachukua vipindi 5 vya dakika 40, na unafaa darasa la tatu hadi la tano.

Kifungu cha kuanzia

Chagua kifungu cha maneno 80 hadi 120 chenye aya 3, kinachohusu kitu kimoja tu. Maneno mageni yasizidi 4 au 5, na yaelezwe kabla ya kusoma. Mtoto asiyeelewa hawezi kuchagua, hivyo hukimbilia kunakili. Usianze na hadithi. Katika hadithi mtoto hushika uzi wa matukio, kwa hiyo atasimulia upya na ataona amefupisha. Vitabu vya Sayansi na Maarifa ya Jamii vina vifungu vya kutosha. Aya ikiwa ndefu, ipunguze mwenyewe. Hapa tutatumia hiki cha maneno 96:

*Mikoko ni miti inayoota ufukoni, mahali ambapo maji ya bahari hujaa na kupwa kila siku. Maji hayo yana chumvi nyingi, lakini mikoko haifi.*

*Mizizi ya mikoko ina kazi nyingi. Mingine hutokeza juu ya tope ili kuvuta hewa. Mizizi hushika udongo usichukuliwe na mawimbi. Kaa, kamba na samaki wachanga hujificha humo wasiliwe na samaki wakubwa.*

*Watu pia huitumia mikoko. Hukata boriti za kujengea nyumba, huchoma mkaa na hupata kuni. Wafugaji wa nyuki hutundika mizinga yao humo. Lakini mikoko ikikatwa ovyo, ufuko humomonyoka na samaki hupungua. Nchini Tanzania, msitu mkubwa wa mikoko uko katika delta ya Mto Rufiji.*

Kipindi cha 1: mdomo tu, vitabu vimefungwa

Soma kwa sauti mara 2 huku watoto wakifuatilia. Kisha vitabu vifungwe, au ubao ufunikwe kwa kanga. Wakae wawiliwawili, na kila mmoja amweleze mwenzake kwa sentensi 2 habari ile ilihusu nini. Dakika 2 kwa kila mtoto zinatosha. Usikubali kitabu kifunguliwe "kidogo tu", kwani asiye na maandishi mbele yake hana cha kunakili, na kinachomtoka mdomoni ndicho alichoelewa. Akikwama kwa Kiswahili na nyumbani anazungumza Kisukuma au Kidigo, amweleze jirani yake kwa lugha hiyo kwanza, halafu maneno ya Kiswahili yatafutwe kwa pamoja.

Wengi watasema, "Inahusu kaa anayejificha asiliwe." Kaa anavutia, na watoto hukumbuka kinachovutia kabla ya kile kilicho muhimu. Usimwambie mtoto kwamba amekosea. Uliza darasa: "Tukimwondoa kaa, bado tutajua habari hii ni ya nini? Na tukiiondoa mikoko je?" Swali hili la kuondoa ndilo chombo kikuu cha kazi yote inayofuata, kwa hiyo lirudie kwa maneno yaleyale kila kipindi hadi watoto walitumie wenyewe.

Kipindi cha 2: kufuta ubaoni

Andika kifungu chote ubaoni kabla ya kipindi, ukiacha nafasi kati ya mistari. Pitieni sentensi moja baada ya nyingine. Mtoto anayetaka sentensi ifutwe aje mbele, aipigie mstari kwa chaki ya rangi na atoe sababu. Usimfutie wewe. Mwalimu akifuta, watoto hujifunza kwamba jibu analo mwalimu, na kesho watasubiri.

Anzeni na sentensi ya Mto Rufiji, kwa sababu itazua ubishi mzuri. Ni mfano wa mahali. Ikiondoka, maelezo kuhusu mikoko yanabaki mazima. Watoto kadhaa wataitetea kwa kuwa ina jina, na hapo kosa si lao. Kwenye maswali ya ufahamu tumewazoesha kwamba majina na tarakimu ndiyo majibu. Waambie waziwazi kuwa katika ufahamu tunatafuta jibu la swali fulani, na katika ufupisho tunatafuta kile kinachoibeba habari nzima.

Sentensi ya mizizi inayovuta hewa inaweza kubaki au kuondoka. Mtoto anayesema ibaki kwa sababu inahusu namna mti unavyoishi kwenye tope ana hoja. Anayesema iondoke kwa sababu aya hiyo inasisitiza zaidi faida za mizizi naye ana hoja. Pokea zote mbili. Darasa likiona sababu ndiyo inayopimwa, hata waoga wataanza kunyoosha mikono.

Kipindi cha 3: jina moja kwa vitu vingi

Anza kwa mazoezi ya mdomo 6 au 8. Maembe, mapapai na machungwa: matunda. Jembe, panga na shoka: zana. Kisha rudini kwenye kifungu. Kaa, kamba na samaki wachanga wanakuwa "viumbe wa baharini". Boriti za nyumba zinakuwa "ujenzi", mkaa na kuni zinakuwa "nishati".

Kosa la hapa ni jina pana mno. "Watu hupata vitu mbalimbali" ni sentensi fupi isiyosema lolote. Mpe mtoto kipimo hiki: mwenzio wa darasa jingine, ambaye hajasoma kifungu, atajua ni vitu gani?

Tahadhari nyingine ni ile kanuni iliyozoeleka kwamba wazo kuu huwa kwenye sentensi ya kwanza ya aya. Angalia aya ya pili. "Mizizi ya mikoko ina kazi nyingi" inatangaza mada, lakini kazi zenyewe haizitaji. Aliyeinakili hajafupisha aya. Katika aya ya kwanza wazo liko nusu kwenye sentensi ya kwanza na nusu kwenye ya pili, na lazima mtoto atunge yake: "Mikoko ni miti ya ufukoni inayostahimili maji ya chumvi." Kutunga sentensi isiyokuwemo kwenye kifungu ndiyo hatua ngumu kuliko zote. Ifanyeni pamoja mara kadhaa kabla ya kumwachia mtoto peke yake.

Kipindi cha 4 na cha 5: kuandika

Vitabu vikiwa wazi, kila mtoto aandike namba ya aya na mbele yake maneno 3 hadi 6. Sentensi kamili zisiruhusiwe hapa. Kwa mfano:

1 – miti ya ufukoni, maji ya chumvi
2 – mizizi: udongo, maficho ya viumbe
3 – matumizi ya watu. Hatari ya kukata

Kisha vitabu vifungwe, na ufupisho uandikwe kutoka kwenye maneno hayo peke yake, sentensi moja kwa kila aya. Kazi nzuri ya darasa la nne itafanana na hii yenye maneno 35:

*Mikoko ni miti ya ufukoni inayostahimili maji ya chumvi. Mizizi yake hushika udongo na kuwapa maficho viumbe wa baharini. Watu huitumia kwa ujenzi, nishati na ufugaji wa nyuki, lakini ikikatwa ovyo ufuko na samaki huathirika.*

Usitaje idadi ya maneno mpaka kipindi cha 5. Ikitajwa mapema, mtoto huhesabu badala ya kufikiri. Ukifika wakati wake, theluthi moja ya kifungu ni kiasi cha haki. Hapo ndipo pa kuonyesha kubana lugha: "mizizi ambayo inashika udongo" inakuwa "mizizi inayoshika udongo", "Kifungu hiki kinatuambia kuwa" inaondolewa yote.

Kosa litakalokusumbua kwa muda mrefu zaidi ni mawaidha ya mwisho: "Kwa hiyo watoto wenzangu, tuitunze mikoko." Limetoka kwenye insha na hadithi zenye mafunzo, na mtoto huona ametenda jema. Kanuni ni moja: kisichokuwemo kwenye kifungu hakiingii kwenye ufupisho. Lakini usimnyime mtoto fikra zake. Apige mstari chini ya kazi, aandike "Maoni yangu", na hapo aseme anavyotaka.

Darasa likiwa na watoto 80, usijaribu kusahihisha madaftari yote. Wagawe katika makundi ya watu 4, wabadilishane madaftari na wakaguane kwa maswali 3: Mada imetajwa? Wazo la kila aya limo? Kuna kilichoongezwa? Wewe chukua madaftari 12 hadi 15 kila kipindi, kwa zamu, ukitumia maswali hayohayo. Tahajia isahihishwe mwisho. Daftari lililojaa wino mwekundu kwenye herufi humfundisha mtoto kwamba kunakili ni salama zaidi, kwa kuwa kitabu hakikosei tahajia.

Baada ya vifungu 3 au 4 vya aina hii, leta kifungu cha hatua, kwa mfano jinsi ya kutengeneza mboji. Hapo kipimo cha kuondoa hubadilika kidogo. Mifano na sifa bado zinaondoka, lakini hatua haiondoki wala haihami nafasi yake. Mtoto aliyeruka kumwagilia maji, au aliyegeuza lundo kabla ya kulipanga, amevunja maelezo hata kama sentensi zake ni safi.