Kutafuta viluwiluwi vya mbu wa dengue majumbani Mombasa

Aedes aegypti, mbu anayeeneza dengue, hana haja ya bwawa wala kinamasi. Kifuu cha nazi kilichotupwa uwani baada ya kukuna, kikapata mvua mbili tatu, kinamtosha. Ndiyo maana homa ya dengue ya 2013 na 2014, na homa ya chikungunya, nayo ya mbu huyuhuyu, iliyoanza mwishoni mwa 2017 ikaingia 2018, zilikuta mji wenye mbu tayari. Anayetaka kujua hatari iko mtaa gani hana budi kuingia nyumba kwa nyumba na kufunua vyombo vya maji kimoja kimoja. Kazi yenyewe si ngumu. Ugumu ni kwamba chombo usichokifunua hakionekani popote katika hesabu, na hakuna atakayekugundua.

Vibali kwanza: kamati ya maadili ya utafiti, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, inayoruhusu utafiti), idara ya afya ya kaunti. Kisha mzee wa mtaa na mhudumu wa afya ya jamii wa eneo hilo, na huyu wa mwisho usimwache ofisini, tembea naye. Nyumba ikishaandikwa kwa namba, jina la mwenye nyumba halina kazi tena kwenye fomu.

Timu iwe ya watu wawili, na mmoja awe mwanamke. Kule Mji wa Kale na Majengo, uwani na bafuni ndiko kwenye maji, na ndiko mwanamume mgeni asikokaribishwa. Piga hodi, vua viatu, eleza shida yako ukiwa barazani: "Shikamoo, bibi. Tunatafuta vidudu vya mbu kwenye maji. Hatutamwaga maji yako bila ruhusa." Sentensi ya mwisho ndiyo inayofungua mlango, maana maji ya mtungi wa lita 20 yamenunuliwa. Ijumaa adhuhuri usiende. Nyumba zilizofungwa zirudie jioni au Jumamosi. Ukiziruka, utakuwa umepima mtaa wa wanaoshinda nyumbani tu, na mbu huyu huuma mchana.

Vifaa ni vichache: tochi yenye mwanga mkali, chujio la chai, pipeti za plastiki za mililita 3, sahani nyeupe, kata ya kupimia ya mililita 350, chupa ndogo zenye vifuniko, ethanoli ya asilimia 70 hadi 80, penseli na vipande vya karatasi ngumu. Penseli, si kalamu. Lebo huingia ndani ya chupa pamoja na viluwiluwi, na wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli hata ukabaki na chupa 30 zisizojulikana zimetoka wapi. Dawa ya kufukuza mbu jipake miguuni na shingoni, viganja uviache. Vidole vyenye dawa vikigusa maji huharibu sampuli.

Kwenye chombo, nenda taratibu. Viluwiluwi hushtuka kivuli kikiwapitia au pipa likigongwa, huzama chini wakajikunja-kunja. Anayefunua kwa pupa akaangalia sekunde tano huandika "hakuna" na kuondoka. Simama upande ambao kivuli chako hakiangukii maji, funua kifuniko polepole, mulika kwa mshazari, kisha subiri dakika 2 au 3. Watapanda wenyewe kuvuta hewa. Wa Aedes huning'inia kichwa chini, bomba lake la kupumulia fupi na nene. Wa Culex, wale wa mashimo ya maji machafu, bomba lao ni refu na jembamba. Wa Anopheles hawana bomba, hulala sambamba na uso wa maji. Hii ni kwa makadirio tu. Jina kamili litatoka kwenye darubini.

Chombo kidogo kimimine chote kupitia chujio, kisha pindua chujio kwenye sahani nyeupe yenye maji kidogo. Pipa au jaba halimiminwi: zungusha wavu mdogo wa kitambaa juu ya maji, halafu shuka nao ukizungusha hadi chini, mara tano. Birika la bafuni lina pembe zenye giza, na humo ndimo wanamojificha, kwa hiyo tochi ipite kila pembe. Maji ya kunywa usiyaguse na kata yako. Mwombe mwenyeji ateke kwa kata yake, amimine kwenye sahani yako.

Pupa, yaani hatua kati ya kiluwiluwi na mbu, wale wenye umbo la alama ya mkato wasiokula chochote, wahesabu wote. Kiluwiluwi mchanga huenda akafa kabla ya kuruka, ila pupa wengi hutoka mbu. Pipa moja lenye pupa 60 lina uzito kuliko makopo kumi yenye kiluwiluwi mmoja mmoja, na fomu isiyo na safu ya pupa huvifanya vionekane sawa.

Andika pia chombo kiko ndani au nje, juani au kivulini, kina kifuniko au hakina, na kama kuna kuku au mbuzi wanaokinywea. Si urembo wa fomu. Kule Rabai, si mbali na Mombasa, kuna ndugu wa msituni wa mbu huyuhuyu, mweusi zaidi, anayetaga kwenye matundu ya miti na kupendelea damu ya wanyama. Ukichanganya vya ndani na vya nje, hutajua umekamata yupi.

Hesabu zenyewe ni tatu. Tuseme umekagua nyumba 80, ukakuta vyombo vyenye maji 400. Nyumba 20 zina viluwiluwi, na vyombo vyenye viluwiluwi ni 36. Kipimo cha nyumba ni 20 kwa 80, yaani asilimia 25. Kipimo cha vyombo ni 36 kwa 400, asilimia 9. Kipimo cha Breteau ni vyombo vyenye viluwiluwi kwa kila nyumba 100, hapa 45. Vyombo vikavu havihesabiwi. Tairi sita zilizopangwa pamoja ni vyombo sita, kila moja na maji yake. Viwango vya zamani vinavyosema Breteau chini ya 5 ni salama na zaidi ya 50 ni hatari vilitokana na homa ya manjano, kwa hiyo usimwahidi mtu usalama wa dengue kwa kuvitegemea.

Msimu nao hubadili jibu. Kiangazi, mifereji ikikauka, mbu wamo ndani ya mapipa ya akiba. Masika huhamia nje kwenye tairi, makopo na vifuu. Utafiti wa mwezi mmoja utakupa nusu ya habari.

Mitego ya mayai

Palipo na vyombo vichache, tumia mtego: kikombe cheusi cha mililita 500, kipande cha kitambaa au karatasi ngumu kikizunguka ndani, maji nusu, na tundu ubavuni ili mvua isikijaze. Kiweke kivulini, chini ya mita moja na nusu. Kiondoe siku ya 5, isizidi ya 7. Kwa joto la pwani yai laweza kuwa mbu kwa siku 7 hadi 10, na mtego uliosahauliwa unakuwa kiwanda cha mbu ulichokijenga mwenyewe.

Kitambaa chenye mayai usikianike siku ileile. Kiinitete huhitaji kama siku 2 kwenye unyevu kabla ya yai kustahimili ukavu. Likikaushwa mapema hunywea na kufa. Baada ya hapo hukaa miezi kadhaa. Kuyaangua, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kuwa uhaba wa oksijeni ndio unaoyaamsha. Chakula cha samaki kilichosagwa kiwe chembe tu: kikizidi, utando hutanda juu na viluwiluwi hukosa hewa.

Virusi hutafutwa hasa kwa mbu jike waliokamatwa wakiwa wazima, si kwenye viluwiluwi. Wagawe vikundi visivyozidi 25, wagandishwe mara moja, wasiyeyuke njiani.

Kabla ya kuaga, na ruhusa ikiwepo, mwaga maji ya makopo kwenye ardhi kavu, si kwenye mtaro. Maji ya pipa yachujwe kwa kitambaa yarudi yalikotoka, pipa lisuguliwe kuta, kwa sababu mayai hung'ang'ania juu kidogo ya usawa wa maji. Mwenzako akipata homa wiki hiyo, apimwe, na kabla dengue haijaondolewa shaka asimeze aspirini wala ibuprofeni, ila paracetamol.