Gramu 180 zisikuhadae

Santuri iliyotolewa upya ikibandikwa "gramu 180", wengi wetu tunafungua pochi bila kuuliza zaidi. Uzito huo unaifanya sahani iwe imara mkononi, basi. Mfereji unaopitiwa na sindano hauongezeki kina kwa sababu plastiki ni nene. Sauti inatokana na chanzo kilichotumika, yaani rekodi ambayo santuri ilinakiliwa kutoka kwake, mkono wa fundi aliyechonga mfereji huo na umakini wa kiwanda.

Kwa hiyo itoe kwenye jalada, iinamishe chini ya taa, utazame ile sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Utaona herufi na namba zimekwaruzwa au kupigwa muhuri. Baadhi humtaja fundi: RVG ni Rudy Van Gelder, aliyerekodi na kuchonga santuri nyingi za jazi za kampuni ya Blue Note. KPG ni Kevin Gray, ambaye amechonga matoleo mapya mengi ya santuri hizo hizo. Kama bado imefungwa kwa nailoni, maandishi hayo mara nyingi yameorodheshwa kwenye Discogs, tovuti ya orodha za santuri. Stika ikisifia uzito tu na kunyamaza kuhusu chanzo, mimi huirudisha rafuni.

Ah, na kabla ya kuota amplifaya mpya, kagua sindano. Ikiwa imechakaa, herufi "s" za mwimbaji zitatoka na mchakacho, hasa kwenye nyimbo za karibu na lebo, nawe utakilaumu kiwanda bure.